Moto wa Yakani, Safu ya Tatu

Saa tatu asubuhi, jua lilipofika juu ya bamba la sola, Margarita Kiden aliivua kompyuta kitambaa chake, akakikunja mara nne na kukikalia. Kiti cha ofisi kilikuwa na msumari uliochomoza, na tangu Januari kila mtu aliahidi kuugonga kesho. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja huko Ediofe, mjini Arua, chenye paa la mabati na dirisha moja. Mwaka ulikuwa 1994. Kompyuta ilifanya kazi mpaka saa kumi jioni, au mpaka wingu litande, na mawingu ya upande ule hayabishi hodi.

Kazi yake ilikuwa kuandaa picha za nyota. Bruda Severino, aliyefundisha hesabu Logiri miaka ishirini na mmoja, alikuwa amepewa darubini na wataalamu wa nyota wa ng'ambo, pamoja na kamera iliyoandika picha zake kwenye disketi. Darubini aliisimamisha juu ya mwamba huko Ludara, upande wa Koboko, ambako hakuna balbu ya kuwasumbua wanaotazama juu. Kila Alhamisi alishuka kwa lori la mihogo akiwa na disketi ndani ya kopo la biskuti, akamkabidhi Margarita, akaenda kulala.

Picha moja ilichukua kipande cha anga kisichozidi ukucha. Wataalamu walitaka vipande arobaini na nane, safu sita za picha nanenane, na huko kwao programu ingevishona viwe picha moja kubwa. Lakini programu ile ilikuwa na makuu kuliko wakwe wanaosubiri mahari. Haikupokea kitu kilichokuja kama kilivyo. Kila faili ilibidi ifunguliwe na kichwa chake kusomwa, kuona kama tarehe, saa na upande wa darubini vimeandikwa sawasawa. Kingo zilizooza zikatwe. Picha za siku za mwezi mpevu, ambazo usuli wake ni wa kijivu, zitiwe giza mpaka zilingane na za siku zisizo na mwezi. Vumbi lifutwe, doa kwa doa. Mwisho iandikwe orodha ya nani anakaa karibu na nani, na kila picha ishirikiane na jirani yake ukingo mmoja wenye alama tatu zinazofanana. Alama zikipungua tatu, programu hukataa kushona. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili pia.

Margarita aliijua kazi hii kuliko mtu yeyote kati ya Arua na Koboko, na hakuona sababu ya kuficha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa familia yao ilipokimbia vita kwenda Zaire mwaka 1979, na kule mjini Aru, ng'ambo ya mpaka, alijifunza kusafisha picha katika studio. Kwa brashi yenye nywele tatu alikuwa akiondoa makovu ya ndui kwenye nyuso za maharusi. Aliwahi kumwondoa mbuzi nyuma ya bwana forodha bila kugusa kofia ya bwana forodha. Hivyo waliporudi, na Bruda akamwonyesha kompyuta na kumuuliza kama ataweza, alimjibu kwa kumuuliza kama ana kompyuta nyingine, maana hii moja ataimaliza upesi.

Mwezi wa Machi, katika safu ya tatu, aliona madoa yasiyokuwa vumbi.

Vumbi huwa mahali pamoja katika kila picha, kwa sababu limekaa kwenye kioo. Haya yalisogea pamoja na nyota. Yalikaa matatumatatu, yamebanana, na katikati yao palikuwa na weupe uliotawanyika kidogo juu. Alimwamsha Bruda.

"Bruda, iko taa hapa."

Bruda alivaa miwani, akainama mbele ya kioo. "Hii hapana nyota."

"Mimi najua hapana nyota. Iko tatu, tatu, na katikati iko nyeupe."

"Mafiga," alisema Bruda.

"Mafiga," alikubali Margarita, akaandika daftarini: safu ya tatu, mafiga, matano. Bruda akarudi kulala.

Jumamosi alimleta mama yake. Mama Santa alikuwa mjane wa sajini mmoja aliyeitwa Kenyi, na alipanga chumba kimoja nyuma ya soko la Arua. Kwake nyumbani hasa ni Ludara. Shamba la Kenyi lilikuwa pale, kati ya kijito na barabara, na kaburi la Kenyi lilikuwa ndani yake, kwa kuwa alifariki miaka miwili kabla ya watu kukimbia. Waliporudi kutoka Zaire mwaka 1986 walimkuta mtu mwingine, Pitia, mfanyabiashara aliyekuja mwaka 1981 pamoja na jeshi lililokuwa likipita. Alikuwa amelima tumbaku shambani kote, hata juu ya kaburi. Hakuwa mtu wa matusi. Kila walipokutana alimvulia Mama Santa kofia na kumuuliza habari za magoti.

Kamati ya ardhi iliwaambia mama na binti kwamba hakuna shida: mpaka hushuhudiwa na jirani, na jirani akisimama, shamba linarudi. Upande mmoja jirani ni kijito. Upande wa pili ni barabara. Upande wa tatu ni mwamba. Upande wa nne alikuwa Yakani, na Yakani alifia Zaire mwaka 1983 bila kuacha mke wala mtoto. Kwa hiyo Mama Santa, ambaye hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kulala karibu na mume wake, alikuwa akilala karibu na mashine ya kusaga ya sokoni.

Alisogeza uso mbele ya kompyuta, akatazama kwa jicho la kulia, lililo zima.

"Hii moto ya Yakani," alisema.

"Mama najua namna gani?"

"Yeye naweka mafiga karibu sana na mlango. Bibi yake nagombana na yeye kila siku, kabla yeye nakufa. Moshi naingia ndani." Kidole chake kikahamia kushoto. "Na hii yangu. Mimi nawasha upande hii, juu ya upepo."

"Nani nawasha sasa?"

"Baba yako," alisema Mama Santa. "Angalia kuni yake nyingi. Hapana jua kupika, naweka tu kuni."

Margarita aliangalia. Kweli weupe ulikuwa mwingi kuliko unaohitajika. Moyo ulimjaa, kisha akafungua faili iliyofuata, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda. Mama alikaa mpaka saa kumi akizitaja nyumba. Mwisho wa siku ilijulikana kwamba anga linalopita juu ya Ludara limeweka moto wa kila nyumba iliyozimwa mwaka 1979, kila mmoja mahali pake, na mipaka yote ikiwa sawa.

Tatizo lilikuwa maagizo. Yalikuja kwa posta, kurasa kumi na moja, na ukurasa wa saba ulisema wazi: mwanga wowote usiokuwemo katika orodha ya nyota zinazojulikana ni kasoro, ufutwe kabla faili haijatumwa. Margarita hakuwahi kuvunja agizo. Ndiyo ilikuwa fahari yake. Faili zake zilikuwa hazijarudishwa hata moja, wakati za vituo vingine, Bruda alisema, zilirudi kama barua zisizo na stempu.

Basi akatengeneza nakala, akafuta. Alimfuta Yakani kwa nukta kumi na saba. Alimfuta baba yake kwa nukta thelathini, kwa sababu ya kuni. Iliuma. Halafu akaijaribu safu ya tatu kwenye programu ndogo waliyokuwa nayo pale ofisini.

Programu ilishona picha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kati ya picha ya nne na ya tano ikasimama. Ukingo wao ulikuwa sehemu tupu ya anga, nyota mbili tu. Safu ilikatika hapo, na safu zote za chini zikakatika nayo, na katikati ya picha kubwa pakawa na tundu jeusi la umbo la shamba. Akarudisha faili zenye moto. Nyota ya kwanza, nyota ya pili, moto wa Yakani. Safu ilishonwa bila mshono kuonekana.

"Bruda," alisema, "bila Yakani hii kitu hapana simama."

"Basi acha Yakani."

"Karatasi nasema futa."

Bruda alifikiria. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakupenda tundu. "Wewe ndiyo natengeneza. Weka jina yako chini, tuma."

Hapo ndipo Margarita alipofanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemwagiza. Kompyuta za wakati ule zilikubali jina la faili lenye herufi nane, zaidi ya hapo hapana. Maagizo yalitaka namba tupu. Yeye alizipa picha majina ya wenye moto uliomo, kisha namba ya safu na ya nafasi: KENYI034, YAKANI35, na kuendelea mpaka arobaini na nane zikaisha. Picha zisizokuwa na moto alizipa majina ya vijito na miamba. Kisha akaandika orodha ya nani anakaa karibu na nani, na orodha ile, mtu wa Ludara akiisoma kwa sauti, angeweza kutembea kutoka nyumba hadi nyumba bila kuuliza njia.

Kabla ya kutuma, alichapisha picha yote kwa printa ya utepe, karatasi arobaini na nane, akazigundisha kwa uji wa muhogo juu ya shuka la kitanda. Zilichukua siku mbili kukauka. Alipolitandaza shuka lile sakafuni, alisimama mlangoni akiwa ameweka mikono kiunoni, akasema peke yake, kwa sauti ya kutosha, kwamba ni nzuri. Ilikuwa nzuri.

Kamati ya ardhi ilikutana Ludara siku ya Jumanne, kwenye baraza la ghala la pamba ambalo halikuwa na pamba. Mwenyekiti alikuwa Loro, mtu mzito, anayependa muhuri. Shuka lilitundikwa ukutani kwa misumari minne. Watu walisogea, kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye moto wake, kama mtu anavyojua kitanda chake gizani. Driwaru, muuza karanga, aliupata wa kwao na kulalamika kwamba mkamwana ameuacha upungue. Wanaume wawili waliokuwa hawasemezani tangu Zaire kwa ajili ya mpaka wa mtama waliutazama mpaka wenyewe, wakaona kwamba wote wawili walikosea, wakapeana mikono.

Pitia pia alikuja, kofia mkononi. Aliitafuta nyumba yake kwa muda mrefu. "Picha iko kweli kabisa," aliwaambia kamati. "Mimi nakuja mwaka themanini na moja. Hapo mimi haiko."

"Sasa, mzee," Margarita alimwambia Loro, "jirani nasimama. Moto ya Yakani hii hapa, mpaka hii hapa, moto ya baba yangu hii hapa. Mzee Pitia mwenyewe nakubali."

Loro alikaribia. "Yakani ile ya miguu mirefu?"

"Ndiyo."

"Iko yeye," alisema Loro. "Yeye nakaaga karibu na mlango." Akaweka dole gumba juu ya mafiga ya Yakani ili aone kama uji wa muhogo umeshika. Aliliondoa haraka. Lilikuwa limefanya lengelenge, na harufu ya ngozi ilisikika mpaka safu ya nyuma. Mtu alileta maji kwenye kikombe, Loro akatumbukiza dole ndani na kuendelea na mkutano hivyo hivyo.

"Kamati iko naona," alisema. "Kamati hapana kataa. Lakini fomu iko na nafasi ya kidole ya jirani. Yakani naweka kidole?"

Watu walitazama shuka. Weupe wa Yakani uliinuka kidogo, kama moto ulioongezwa ukuni, lakini kidole hakikutokea. Kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa majini, Loro akaandika: shahidi hakufika. Akapiga muhuri. Kesi ya pili ilikuwa ya mbuzi.

Margarita aliteremsha shuka, akalikunja. Alikuwa na hasira ambayo haikumpata hata siku ya kukimbia, kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia kwamba anayosema ni kweli. Mama Santa alikuwa amekwisha kuketi ukingoni mwa barabara kusubiri lori. Pitia aliwafuata hapo, akainama, akauliza habari za magoti. Kisha akasema neno lililomleta.

"Mama Margarita, mimi nakaa hapa miaka kumi na tatu. Watoto yangu nazaliwa hapa. Lakini juu, mimi haiko. Mimi naangalia yote, haiko." Alizungusha kofia. "Huyu binti yako naweza ondoa kitu kwa picha, watu nasema. Basi naweza tia pia. Moto moja tu, kidogo, pale kati ya Kenyi na Yakani. Mimi narudisha kaburi. Kaburi na nafasi ya nyumba. Leo."

Kilichokuwa kikitolewa kilikuwa ndicho hicho hicho Mama Santa alichokuwa akikiota miaka minane nyuma ya mashine ya kusaga. Nukta tatu na weupe katikati: kwa mkono wa Margarita hiyo ni kazi isiyofika hata dakika tano. Alimtazama mama yake. Margarita mwenyewe alikuwa tayari, na aliona aibu kwamba yuko tayari.

"Margarita," alisema Mama Santa, "ukitia moto pale, ile mashine nashona namna gani?"

Margarita alijibu kama fundi, kwa sababu ndivyo alivyoulizwa. "Itakamata ile ya uongo. Pale nyota iko mbili tu. Itavuta Yakani upande hii. Yakani navuta mwenzake, mwenzake navuta ingine. Safu yote nasogea."

"Watu yote nasogea kwa shamba ya mwenzake."

"Ndiyo, Mama."

Mama Santa alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Aliangalia shamba lililokuwa ng'ambo ya barabara, tumbaku ikiwa na majani mapana, pamoja na mahali ambapo yeye peke yake alijua pana mwinuko kidogo. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Mzee Pitia," alisema, "wewe nalima vizuri. Lakini huyu mtoto yangu kazi yake kusafisha. Hapana tia kitu yenye haiko."

Pitia aliivaa kofia yake. "Haya, mama," alisema. Lori lilipofika, aliwasaidia kupandisha shuka.

Mwezi wa Agosti barua ilifika kutoka ng'ambo. Bruda aliisoma kwa sauti, amesimama. Wataalamu walisema kwamba katika vituo vyote vya mradi ule, faili za Arua ndizo zilizoandaliwa vizuri kuliko zote, na mshono wa safu ya tatu hauonekani hata kwa hadubini. Walikuwa wameona mianga isiyojulikana na kujaribu kuifuta wenyewe. Tundu lilitokea, wakairudisha. Kuhusu majina, walijaribu kuyabadilisha yawe namba kama ilivyoagizwa, lakini orodha ilivurugika na programu ikagoma. Kwa hiyo yatabaki jinsi yalivyo, katika hazina yao, kwa muda wote ambao picha itahifadhiwa. Waliomba kujua Yakani ni nyota ya aina gani.

"Andika nini?" aliuliza Bruda.

"Andika jirani," alisema Margarita.

Kitambaa alikikunja mara nne, akakikalia, kwa kuwa msumari ulikuwa bado, akafungua disketi za wiki ile. Siku nzima alifanya kazi akiimba kwa pua, na wanawake waliopita nje wakienda sokoni walisimama dirishani kumtazama mtu ambaye faili zake hazirudi. Aliwaacha watazame.

Tumbaku ya Pitia ilistawi mwaka ule na uliofuata. Fomu bado iko ofisini kwa kamati, ikiwa na muhuri na nafasi ya kidole. Loro ana alama kwenye dole gumba, na watu wakimuuliza husema ni moto wa Yakani, kisha huendelea na shughuli zake.

Mama Santa yuko bado Arua, nyuma ya soko. Wageni wakimuuliza kwao ni wapi, anainua kidevu juu kidogo, wala hahangaiki kutafuta maneno.

"Safu ya tatu," anasema, "ya nne kutoka kushoto. Jirani yangu Yakani."